Chokaa ya Koplo

Shemeji yangu alitumikia jeshi la wanamaji maisha yake yote ya kazi, na hajui kuogelea. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hatalisema. Ukimkuta barazani na kofia yake ya zamani atakueleza habari za mawimbi na za nidhamu mpaka udhani bahari ilikuwa ikimwomba ruhusa kabla ya kupwa. Ukweli ni kwamba alipandishwa boti mara moja tu, akiwa kuruta, akatapika juu ya viatu vya kamanda. Kesho yake alipelekwa ghalani kugawa rangi, na huko ndiko alikozeekea.

Cheo chake cha mwisho kilikuwa koplo. Jina analo, alipewa na wazazi wake kama watu wengine, lakini hata dada yangu aliyeolewa naye humwita Koplo. Mimi humwita Koplo nikiwa nimefurahi na shemeji nikiwa na hasira. Mwaka ninaotaka kuusimulia nilimwita shemeji sana.

Kazi yake ilikuwa chokaa. Aliyewahi kuona kambi ya jeshi anajua: mawe ya kandokando ya njia lazima yawe meupe, mashina ya miti yawe meupe mpaka kiunoni, na kuta za nyumba za askari ziwe nyeupe kuliko roho za waliomo. Mkubwa akija kukagua, kambi nzima hupakwa upya hata kama ilipakwa juzi. Koplo ndiye aliyesimamia shughuli hiyo, na aliifanya kwa imani ambayo wengine huiweka kwenye sala. Wenzake husimulia kwamba asubuhi moja ya ukaguzi, kwa haraka zake, alimpaka kobe aliyelala katikati ya mawe. Kamanda alipofika mbele ya mstari, jiwe moja likatoka kwenye foleni likaenda zake. Koplo anakana habari hiyo, ila akikana anatazama chini.

Dada yangu alimpenda. Sijui kwa nini, na sikuulizwa. Walipewa nyumba ya mwisho katika safu ya nyumba za askari, ile iliyo karibu kabisa na ukuta wa bahari: vyumba viwili, jiko la nyuma, na mlango unaotazama uwanja wa gwaride. Humo Koplo akahamishia kambi. Kila Jumamosi palikuwa na ukaguzi. Sufuria zilipangwa kwa kimo. Watoto walisimama kando ya vitanda wakingoja baba yao apitishe kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, na sasa wote wanakaa mbali katika nyumba zenye fujo. Nimewatembelea, na nyumba zao zinapendeza sana.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko nje ya lango la kambi, kwa hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka nisimwone. Niliona bahari ilivyoanza ukorofi wake. Kwanza ilimeza gati, pole pole, ubao kwa ubao. Meli zikahamishiwa bandari nyingine, askari wakaondoka na bendera yao, kambi ikabakia na wastaafu wa ile safu, mbuzi wa watu, na Koplo. Kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari iliruka ukuta ikaingia uwanja wa gwaride, mwaka uliofuata barazani, mwaka uliofuata ndani. Dada akapandisha kitanda juu ya matofali. Akapandisha kabati, kisha jiko. Nikamwambia amebakia mumewe tu kupandishwa juu ya matofali, labda akiwa juu ataona mbali.

Maji yakishuka, Koplo alichanganya chokaa akapaka upya, ndani na nje. Nyumba ikang'aa kama jino. Ukimwambia nyumba inaoza anakujibu, "Nyumba ya jeshi haianguki," kisha anageuka kutafuta ndoo.

Aliyekuwa akianguka ni dada. Unyevu ulimkaa kifuani, pumu ikamshika, ikawa kutoka kitandani hadi jikoni anapumzika njiani mara mbili kwa safari ya hatua chache. Daktari wa zahanati hakuuma maneno. Alisema dawa atampa, lakini dawa haiwezi kushindana na nyumba, na akikaa humo msimu mwingine wa bamvua, watu wa nyumbani wajiandae. Dada hakulia. Aliniuliza tu kama nina maboksi.

Mungu si Athumani, mradi ukaja. Tuliitwa wote kwenye bwalo la zamani la maofisa, ambalo wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuruhusiwa kukanyaga, kwa hiyo tulikaa kwa mapozi. Mhandisi alikuwa mama mmoja mfupi mwenye buti za mpira. Alitandaza picha mezani akaeleza bila mbwembwe. Bahari inapanda na haitashuka kwa sababu ya ukuta wetu. Basi sehemu ya chini itaachiwa maji: uwanja wa gwaride utachimbwa uwe bwawa, pembeni ipandwe mikoko, maji yakija yapate pa kukaa badala ya kukaa vitandani mwa watu. Udongo utakaochimbwa utainua kile kilima cha ghala la risasi, na juu yake zitajengwa ghorofa za wakazi. Safu ya nyumba za askari itabomolewa yote.

Koplo akainuka. "Kwa hiyo wanamaji wanaikimbia bahari."

"Koplo," akasema mpishi mstaafu aliyekaa nyuma yetu, "wewe ulianza kuikimbia kitambo."

Bwalo zima likacheka, mhandisi naye, ingawa hakujua anacheka nini. Koplo akakaa chini akiwa amevimba, na tangu hapo mradi ukawa adui yake. Dada alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamtoa nje.

Ghorofa zikapanda. Utaratibu wa kuhama ulikuwa mmoja, na msimamizi wa ujenzi aliurudia mpaka mbuzi wakauelewa. Mpima anapita, anachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba yako. Siku ya nyumba kubomolewa, unapewa ufunguo wa ghorofani. Nyumba ikiwa chini, ufunguo mkononi. Walifanya hivyo kwa sababu kwingine watu walichukua funguo mpya kisha wakapangisha nyumba za zamani kwa wengine, wakawa na wapangaji mpaka baharini. Siwalaumu. Hata mimi wazo hilo lilikuwa limeshanijia.

Dereva wa katapila naye alikuwa na utaratibu wake. Mwanzoni mwa kazi alisukuma choo cha wafanyakazi ambacho hakikuwa na msalaba, msimamizi akiwa ndio kwanza ametoka humo, bado anafunga mkanda. Maneno aliyoambiwa siku hiyo yalimtosha. Akaapa mbele ya watu kwamba kisicho na msalaba hatakigusa hata akiamrishwa na malaika.

Nyumba zikaanza kuanguka kutoka upande wa lango. Mpishi akahama, fundi bomba akahama, wajane wawili waliokuwa hawasemezani wakahama wakapewa milango inayotazamana. Dada aliangalia kila nyumba ikienda kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa zamani. Alikuwa akipikia sufuria moja na kulalia shuka moja. Mpima alipokuja kuchora msalaba, alitoka nje akamletea maji ya kunywa. Msalaba wenyewe ulikuwa ovyo, umepinda, rangi imechuruzika hadi chini. Kwa dada ulikuwa mzuri kuliko picha ya harusi.

Tukaambiwa zamu yao ni Jumatano. Na kwa bahati mbaya, tukaambiwa Jumanne, siku moja kabla, atakuja mkubwa kutoka wizarani kukagua mradi.

Ukaguzi, jamani. Neno lenyewe likimfikia Koplo masikioni, mwili unasimama wima kabla ya akili. Dada alikuwa kwangu siku hiyo, nampimia gauni la kuhamia, maana alisema hataki kuingia nyumba mpya na gauni lenye harufu ya nyumba ya zamani. Huku nyuma Koplo akautazama ukuta wake, akauona ule msalaba uliopinda na michirizi yake, akafikiria mkubwa wa serikali anapita mbele yake na kuuona. Hakuweza. Akachanganya chokaa akapaka ukuta wa mbele wote, kona hadi kona, akatandika mipako miwili.

Mkubwa hata hakushuka garini. Alipunga mkono kutoka dirishani na akaenda zake kula.

Jumatano katapila ikaja inanguruma. Dada alikuwa amekaa juu ya sanduku nje, na gauni lake jipya. Dereva akasimama, akatazama ukuta mweupe pe, akatazama kushoto na kulia, akazima mashine.

"Mama, hii haina msalaba."

"Ulikuwepo," akasema dada.

"Sasa haupo."

Dada akageuka akamtazama mumewe. Koplo alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, kucha zina chokaa. Dereva akamwomba dada radhi, maana ni mtu wa adabu, akaipeleka mashine yake ng'ambo ya uwanja kuanza kuchimba bwawa. Dada alishuka sandukuni. Aliingia ndani akafungua boksi, akatoa sufuria ya pili.

Mimi nilisema kwa niaba yake. Nilifunga kibanda nikaenda kumpa mtu vidonge vyake. "Shemeji," nikamwambia, "mkeo anakata pumzi, na wewe unampakia poda mkubwa ambaye hata kioo cha gari hakushusha chote. Ungeoa ukuta basi, ukamwachia dada yangu mtu mwenye akili."

"Haikuwa kwa makusudi."

"Ungekusudia ungekuwa umefanya nini zaidi?"

Akanyamaza. Koplo akinyamaza ujue amekosa, kwa sababu kwa kawaida hujitetea hata usingizini.

Nikamburuta kwa msimamizi. Msimamizi akacheka mpaka akaegemea meza, kisha akampa mkebe wa rangi nyekundu na brashi. Mpima alikuwa safarini, akasema, lakini alama ni alama. Achore tu msalaba, dereva akipita tena atauona na kazi itaisha. Mtu yeyote duniani angeutupia ule ukuta mistari miwili akaenda kunywa chai.

Koplo alichukua rula. Alipiga kamba kutoka kona hadi kona kutafuta katikati ya ukuta. Akachora msalaba kwa penseli kwanza, mikono minne sawasawa, akaujaza rangi kwa brashi ndogo bila kuvuka mstari, akauzungushia nafasi nyeupe, safi, juu ya ukuta mweupe. Alipomaliza akarudi nyuma akautazama kichwa upande. Nakiri, ulikuwa umenyooka.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wa mradi akaja kuomba dawa ya jino. Baada yake akaja mama mwenye mtoto anayeharisha. Wakaja vibarua wawili, mmoja kakanyaga msumari, wakakaa barazani kwa utaratibu wakingoja kuitwa. Dada, aliyekuwa mgonjwa kuliko wote, akawachemshia maji. Mchana dereva akapita na katapila, akapunguza mwendo, akaona msalaba mwekundu na watu wamekaa foleni. Akashika kifua kwa heshima akapita. Usiku huo aliwaambia wenzake kwamba serikali imefanya jambo la maana, imeweka zahanati karibu na wafanyakazi, na kwamba yeye zahanati hawezi kuigusa abadani.

Niliposikia nilicheka, sitadanganya. Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Halafu nikakumbuka mwezi unavyojaa, kicheko kikanikauka.

Bamvua iliingia kesho yake asubuhi, kabla sijamwona dereva nimweleze, jua limeshawaka, bila upepo wala mawingu ya kuilaumu. Nilikuwa nafungua kibanda nikaona uwanja wa gwaride unameremeta. Nilikimbia na viatu mkononi. Nyumba ile ilikuwa imebakia peke yake pale chini, nyeupe, na msalaba wake, na maji yameizunguka pande zote. Ndani yalifika magotini. Dada alikuwa ameketi kitandani juu ya matofali yake, mabega yamepanda hadi masikioni, anavuta hewa kwa kelele na haipati. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeelea ikaenda chini ya kabati. Koplo alikuwa chini, mikono na kidevu majini, anaitafuta, na huku anatetemeka, kwa maana mtu yule anaogopa maji hata ya kuoga.

Aliipata. Dada akavuta, akavuta tena, rangi ikamrudia kidogo. Tukambeba juujuu, yeye miguu mimi mabega, tukamweka kwenye ngazi za bwalo la maofisa ambako palikuwa pakavu. Nikamtuma mlinzi mbio akawaite daktari na mhandisi.

Koplo akasimama anaitazama nyumba. "Katapila itakuja lini?" akaniuliza.

"Iko ng'ambo ya maji. Itakuja yakikauka."

"Hawezi kurudi mle."

"Ndiyo nakwambia tangu mwaka juzi, shemeji."

Alikwenda kwenye vifaa vya vibarua akarudi na nyundo kubwa, ile ya kuvunjia zege. Nikadhani amechanganyikiwa. Akaingia majini mpaka magotini, akasimama mbele ya msalaba wake alioupimia kwa rula, akainua, akapiga.

Nilitarajia kishindo. Nyundo iliingia ukutani ikapotea, kama umechomeka kidole kwenye mkate uliolowa. Akaichomoa, akapiga tena. Tofali hazikuvunjika, zilimeguka, zikatoka uji. Ule ukuta haukuwa ukuta. Ilikuwa chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa, miaka yote ile, na katikati nyufa za kupitisha mkono. Alipopiga pembeni mwa mlango upande mzima ukalala chini, mabati yakafuata yakilia, na Koplo akatoka kwenye vumbi na povu la maji, mweupe toka kofia hadi miguu. Dada yangu alikuwa akilala chini ya kitu kile.

Daktari alikuwa ameshafika, anamsikiliza dada kifua. Koplo akaja akakaa ngazi ya chini yake, nyundo mapajani.

"Ulijua?" dada akamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili. Kila mwaka nilikuwa naomba nyumba nyingine. Wakanijibu koplo hachagui nyumba." Akajifuta uso, akaongeza uchafu. "Nikaona basi, angalau usizione nyufa."

"Nilikuwa naziona," akasema dada. Alikuwa akisema neno, akipumzika, akisema jingine. "Kwa nini unafikiri mimi ndiye niliyekuwa nikilala upande wa ukutani? Nilidhani wewe ndiye usiyeziona."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu watu wawili wanaofichana ufa mmoja chumba kimoja kwa miaka yote hiyo.

Mhandisi alifika na buti zake, msimamizi nyuma yake anafoka kwamba mtu haruhusiwi kubomoa bila kibali, bila kofia ngumu, bila bima. Mhandisi akalitazama lile rundo.

"Nyumba iko chini?" akamuuliza msimamizi.

"Iko chini, lakini..."

"Basi mpe mama ufunguo."

Wakapewa ghorofa ya pili, dirisha linalotazama bwawa. Sasa maji yakija yanatandaa pale uwanjani kwenye miche ya mikoko, yanakaa kidogo, yanaondoka, hayana habari na mtu. Kifua cha dada hakijapona kabisa na daktari anasema hakitapona, ila sasa anatoka chumbani hadi jikoni bila kusimama, na amenenepa, na ananikosoa mishono yangu.

Siku waliyohamia niliwasaidia kufungua maboksi. Kuta zilikuwa za saruji tupu, kijivu, hazijapakwa kitu. Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, na gauni lake. Akasema, kwa upole ambao mimi nisingeupata hata kwa kuazima, "Koplo, kuta hizi si ungezipaka chokaa yako kidogo."

Koplo akaweka boksi chini. Akaweka kiganja ukutani akatembea nacho taratibu, mlangoni hadi konani, konani hadi dirishani, akigonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale. Akarudia chumba cha pili. Aliporudi akasimama mbele ya mkewe.

"Hazina ufa," akasema. "Nipake nini?"

Kisha akalia. Alilia akiwa amesimama pale pale, mikono ubavuni, mzee mzima. Dada akamwachia alie. Baada ya muda akamgusa kwa vidole kwenye nyonga.

"Sogea kidogo, baba," akasema. "Unanizibia hewa."